Bosi, neno lililokimbia ubwana

Kariakoo mtu anaweza kujua bei atakayopigwa hata kabla hajagusa bidhaa. Asikilize tu anavyoitwa. Akiitwa "dogo", ajue hawamtegemei kununua. "Mama angu" au "mzee wangu", hapo bado mnaweza kuelewana. Lakini muuzaji akikupokea mlangoni na "karibu bosi wangu", akavuta stuli, akaifuta kwa kiganja, basi kwenye bei imeshaingia ya stuli na ya ubosi pia.

Mimi ubosi sina. Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya watu, nyumba ni ya kupanga, na kigari changu kina mlango mmoja unaofunguliwa kwa ndani tu. Bado kila nikishuka mjini ni bosi huku, bosi kule: mlinzi wa geti, fundi simu, konda, kijana wa vocha. Kwa kuwa maneno ndiyo yanayonilisha, nikaanza kulifuatilia hili. Wengi wetu tunadhani tumelipata kwa Waingereza. Kwa mlango wa nyuma ni kweli, ila Waingereza nao si lao. Na sababu iliyolifanya liingie kwenye Kiingereza ni kichekesho kwa jinsi tunavyolitumia leo, kwa sababu lilipokelewa na watu ambao hawakutaka kumwita mtu yeyote bwana.

Mwenye neno ni Mholanzi. Kwao ni "baas", maana yake bwana, msimamizi, mwenye kazi. Katika karne ya 17 Waholanzi walikuwa na koloni lao Marekani, na mji wake mkuu ulikuwa pale kwenye ncha ya kisiwa cha Manhattan. Waliuita New Amsterdam. Mwaka 1664 Waingereza wakauchukua, wakaubadilisha jina kuwa New York, lakini Waholanzi wenyewe hawakuhama. Waliendelea kulima, kuoka, kujenga na kuzaa pale pale bonde la mto Hudson, na lugha yao ikaendelea kudondosha maneno kwenye Kiingereza cha majirani. Harlem na Brooklyn ni majina ya miji ya Uholanzi, Haarlem na Breukelen. Biskuti ambazo Wamarekani wanaziita "cookies" ni za Kiholanzi. Yule mzee wa ndevu nyeupe wa Krismasi, Santa Claus, ni Sinterklaas wao. Na katika karakana na mashamba ya huko, kibarua Mwingereza akawa anamsikia mwenzake Mholanzi akimwita mwenye kazi "baas", naye akalichukua.

Kwa nini alichukue wakati kwao tayari lipo "master"? Hapa ndipo penye mambo.

Huko Uingereza fundi mkuu, mwenye shamba na mwenye nyumba wote walikuwa "master", na anayewafanyia kazi alikuwa "servant", mtumishi. Hakuna aliyeona taabu. Marekani, hasa baada ya kujitenga na mfalme wa Uingereza, ikawa taabu kubwa. Taifa limetangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa, halafu Jumatatu asubuhi unaamka kwenda kwa mtu na kumwita bwana? Zaidi ya hapo, hata New York kwenyewe kulikuwa na watu waliouzwa na kununuliwa, na ambao kweli walikuwa na "master" kisheria. Jimbo hilo lilikuja kukomesha utumwa kabisa mwaka 1827, tarehe 4 Julai. Kwa hiyo kwa kibarua mzungu, kutamka "master" ilikuwa kama kujiweka foleni moja na mtumwa, na hilo hakulitaka hata kidogo. "Baas" likamwokoa. Halikuwa na harufu ile masikioni mwake, lilikuwa neno la kigeni, fupi, la kazini. Mtu angeweza kumwita mwenzake "boss" saa za kazi, na jioni wakakaa baa moja kama raia wawili.

Aliyeliona hili na kulikasirikia ni James Fenimore Cooper, mwandishi maarufu wa riwaya, mtu wa jimbo hilo hilo la New York na mtoto wa mwenye mashamba makubwa. Mwaka 1838 alichapisha kitabu kuhusu demokrasia ya nchi yake, na ndani yake akalalamikia namna watu walivyoanza kukwepa maneno. Wafanyakazi wa ndani, akasema, hawataki tena kuitwa watumishi, wanataka waitwe wasaidizi. Na badala ya kusema "master" wanasema "boss", wakati kwa Kiholanzi maana yake ni ile ile! Alama ya mshangao ni ya kwake. Unamwona mtu kabisa, ameweka kalamu chini, anatikisa kichwa.

Kwenye kamusi Cooper alikuwa sahihi. Kwa hali za watu hakuwa sahihi. Mtu anayelikimbia neno huwa hayakimbii yale yaliyomo kwenye kamusi, anakimbia watu aliowahi kuwaona wakiitwa hivyo. Ila nisimpambe sana kibarua wa New York, maana mwanahistoria David Roediger, aliyeandika mwaka 1991 kuhusu namna wafanyakazi weupe wa Marekani walivyojijengea utambulisho wao, analionyesha neno hili kwa upande wake mchafu. Anasema kwa kukataa "master" hawakuwa wanaupinga utumwa. Walichokuwa wanasema ni kwamba utumwa ni wa wale, si wetu. Kulikuwa na heshima katika neno "boss", ila ilijengwa kwa kumkanyaga mtu mwingine aliyebaki na bwana wake wa zamani.

Nikisoma habari za Cooper na wasaidizi wake, akili inanipeleka kwenye daladala. Siku moja nilikaa na msichana aliyekuwa na begi la nguo miguuni na simu mkononi, tunatoka Mbagala. Simu ikaita. Kwenye kioo pameandikwa, kwa herufi kubwa, BOSI MPYA. Akaiangalia kidogo, akajiweka sawa kwenye kiti, akapokea: "Abee mama. Shikamoo mama. Ndiyo mama, tumeshavuka Mtongani." Kwenye simu ni bosi, mdomoni ni mama. Huyo mama naye, nina hakika, akiwaeleza mashoga zake hasemi ameajiri mtumishi. Atasema "nimepata dada". Tumepita kwenye boi, tukaja hausigeli, mtaani tukatunga beki tatu kwa dhihaka, na sasa dada, ambaye anaamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Kila neno likichafuka tunalifua kwa neno la undugu. Lakini msichana yule, kwenye simu yake mwenyewe, mahali ambapo mama hasomi, aliandika neno la kazi. Bosi. Mtu anayenilipa, basi. Nililipenda sana. Pale ndipo nilipoliona neno likifanya kazi ile ile iliyowavutia wale vibarua wa New York, na safari hii bila kumkanyaga mtu.

Neno lenyewe halikukaa safi huko Marekani. Ndani ya miaka thelathini tu tangu Cooper alalamike, lilishapanda kutoka karakana hadi ofisi za siasa, na aliyelipandisha kuliko wote ni William Tweed. Hapa naomba nikae kidogo, maana jamaa huyu angekuwa wa kwetu angeshaimbiwa taarabu.

Tweed alikuwa fundi wa viti kwa ukoo, mtoto wa mtengeneza viti, pande la mtu. Akaingia siasa, akawa kinara wa Tammany Hall, kundi lililoshika chama cha Democratic katika jiji la New York. Umeya hakuwa nao, wala hakuuhitaji. Waliokuwa na vyeo walikuwa wanampigia magoti yeye. Wahamiaji wa Kiayalandi waliokuwa wanashuka melini bila hata shilingi walipata kwake makaa ya mawe ya kujikinga na baridi, kazi ya kufagia barabara, na karatasi za uraia zilizotoka haraka haraka. Siku ya uchaguzi wakajua la kufanya. Watu wakamwita Boss Tweed, kama vile ndilo jina alilopewa kanisani.

Alama yake mjini ni jengo la mahakama lililo nyuma ya ukumbi wa jiji. Lilianza na bajeti ya dola 250,000. Likaishia kula karibu dola milioni 13. Ankara zilikuwa zinaandikwa mara kadhaa ya bei halisi, mkandarasi anabaki na chake, kinachozidi kinarudi kwa bosi na wenzake. Fundi mmoja wa lipu alilipwa kiasi kwamba magazeti yakambandika jina la mwana wa mfalme wa lipu. Wasomaji wa ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hawatakuwa wageni wa mambo haya.

Aliyemkosesha usingizi ni mchoraji katuni, Thomas Nast wa jarida la Harper's Weekly. Wiki baada ya wiki alimchora Tweed kama tumbo kubwa, na katika mchoro mmoja akaweka mfuko wa fedha mahali pa kichwa. Inasimuliwa kwamba Tweed alisema magazeti hayamsumbui kwa kuwa wapigakura wake hawajui kusoma, shida ni zile picha. Mwaka 1871 gazeti la New York Times likamwaga hesabu hadharani, akakamatwa, na mwaka 1873 akahukumiwa. Desemba 1875, akiwa bado kizuizini, akaruhusiwa kwenda kuiona familia yake nyumbani, akapotelea huko huko. Akavuka bahari hadi Hispania. Mwaka 1876 maofisa wa bandari ya Vigo wakamnasa, na habari zinasema walimtambua kwa mchoro wa Nast. Akarudishwa, akafia jela mjini New York mwezi Aprili 1878.

Tangu hapo "boss" la Kiingereza lina sura mbili. Moja ni ya yule anayekusainia mshahara. Nyingine ni ya mtu asiye na cheo kwenye karatasi lakini kila kitu kinapita kwake. Sisi tulipolichukua tulizibeba zote mbili. Kwa ile ya pili tukajitungia na neno letu kabisa, kibosile, ambalo unalikuta magazetini kila vigogo wanapotajwa kwenye kashfa. Ukiambiwa fulani ni kibosile huhitaji kuuliza anafanya kazi gani. Jibu litakuwa refu na halitaeleweka.

Kuna njia nyingine neno hili lilipita, na hii inatugusa karibu zaidi. Waholanzi wale wale walitia nanga Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652 na "baas" wao. Kule halikukutana na kibarua mzungu mwenye maringo ya uraia. Lilikutana na watu waliotekwa na waliopokonywa ardhi, likawa neno la lazima: mzungu ni "baas", na mtoto wake mdogo ni "kleinbaas", bosi mdogo, anayesalimiwa na mtu mzima aliyevua kofia. Lilifika mahali likawa sera. J.G. Strijdom, waziri mkuu wa Afrika Kusini kuanzia 1954 hadi 1958, hakuona haya kuiita siasa yake "baasskap", yaani ubosi wa mzungu juu ya wote. Yaani neno lile lile moja, huku limetumika kukwepa harufu ya utumwa, kule limekuwa harufu yenyewe.

Kwenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand kulikuwa na cheo kinachoitwa "boss boy". Ni Mwafrika aliyepewa kundi la wachimbaji kulisimamia. Tazama maneno hayo mawili yalivyobanana: bosi, halafu boi, mtu mmoja. Chini ya shimo ni bosi kwa wenzake, mzungu akitokea ni boi. Wazee wa Rungwe waliokwenda Wenela, kama walivyoliita shirika lililokuwa linaandikisha watu kwa ajili ya migodi hiyo, walilijua vizuri. Babu yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Alirudi na baiskeli, koti zito na kikohozi, na vijana wa pale nyumbani wakimwita bosi kwa utani aliwafukuza na fimbo. Tulidhani ni hasira za uzee.

Kiswahili chenyewe kilishakuwa na neno la kazi hii, na lina historia yake nzito. Bwana. Pwani ilikuwa na bwana na mtwana. Mkoloni alipokuja akawa bwana mkubwa, na chini yake wakazaliwa mabwana wadogo wadogo wa serikali: bwana shamba, bwana afya, bwana nyuki, bwana samaki. Hawa wapo hadi leo na wala hawatishi. Maana neno bwana limelainika kwa namna ya ajabu. Ni mume. Ni Mungu. Na ni kiungo tu cha mazungumzo, "acha bwana", "twende bwana", unamwambia hata binti wa miaka sita. Hakuna aliyepitisha sheria ya kuliondolea makali. Limetumiwa na kila mtu kwa kila mtu mpaka ncha ikaisha.

Serikali ya Tanzania ilijaribu njia ya kupitisha sheria, au tuseme njia ya chama. Tukawa ndugu sote, na mkubwa kuliko wote akajichagulia kuitwa Mwalimu. Mwaka 1971 TANU ikatoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kikawakataza viongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu. Viwandani wafanyakazi walikisoma kifungu hicho kwa makini kuliko walivyotarajiwa. Walikinukuu mbele ya mameneja wao, wakagoma kwa sababu ya matusi na si mishahara peke yake, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wakawafungia nje mabosi na kuendesha mitambo wenyewe. Ndugu limebaki kwenye barua za kiofisi na mikutano ya chama. Bosi halikuandikwa kwenye mwongozo wowote, nalo ndilo lililoenea.

Na limeenea kwa njia ile ile ya bwana. Nenda kaegeshe gari mtaa wa Msimbazi saa nne asubuhi. Kijana mwenye kizibao atatokea mahali usipopajua: "Njoo bosi, njoo, njoo. Kata kulia. Kata yote! Rudisha. Bado, bado... hapo hapo bosi." Nafasi ilikuwepo na ungeiona mwenyewe, lakini sasa mna uhusiano. Ukirudi anakuja taratibu. "Bosi, ya maji." Mimi humjibu, "Leo sina chenji bosi wangu, nikirudi." Naye, bila kukunja uso, "Poa bosi, tupo." Hapo bosi ni nani? Ni wote wawili, au hakuna. Tumepeana cheo bure, kila mtu akaenda na chake. Nimesikia London nako mambo ni hayo hayo kwenye maduka ya kuku wa kukaanga, muuzaji na mnunuzi wote ni "bossman". Haiti, kwa Krioli chao, "bòs" ni fundi: seremala, mwashi, makanika. Hao ndio waliolielewa neno kuliko sote, maana kule anayeitwa bosi ni yule mwenye mikono inayojua kazi. Na watu wa Liverpool wameliondoa kabisa kwa binadamu, kwao kitu kizuri ndicho "boss". Supu ikiwa tamu ni bosi.

Kwa wanawake neno limechelewa, na limeingia kwa shida. Kiingereza kina kivumishi "bossy", kinachobandikwa zaidi wasichana wanaopenda kupanga wenzao. Mvulana wa tabia hiyo anaambiwa ana kipaji cha uongozi. Mwaka 2014 Sheryl Sandberg, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa Facebook, aliongoza kampeni ya kutaka kivumishi hicho kiachwe. Huku kwetu dada zetu wanaouza vitenge, wigi na sabuni za maji kwenye Instagram hawakusubiri kampeni. Wameandika "boss lady" kwenye wasifu, wakaweka namba ya simu, na maisha yanaendelea. Wapo wanaowacheka kwamba bosi gani hana hata fremu ya duka. Mimi siwacheki. Ukiwa na mtaji wako na hakuna anayekuuliza umefika saa ngapi, jina hilo umelipata kihalali kuliko meneja yeyote anayeogopa simu ya saa mbili usiku.

Kinachonivutia siku hizi ni ofisini. Nimeona kwenye kazi zangu za kuhariri kwamba wakubwa wa kweli wameanza kulikwepa. Hawataki kuitwa bosi, na nadhani ni kwa sababu limeshakuwa la kila mtu, la mwegesha magari na la fundi simu. Wanataka vyeo vizima viandikwe: Mkurugenzi Mtendaji, Afisa Mtendaji Mkuu, herufi kubwa zote mahali pake, na ukisahau moja rasimu inarudi. Wangejua mtaani hali ikoje wasingehangaika. Wiki iliyopita muuza mahindi ya kuchoma pale Mwenge alikuwa anampigia kelele mwenye bodaboda aliyesimama mbele ya jiko lake: "Mkurugenzi! Sogeza basi hiyo pikipiki, unanizibia wateja." Na mwenye bodaboda, "Samahani CEO," akaisogeza.